Hukumu ya Mzee Lenzi

"Imeng'atwa, Baba. Pembeni, kama biskuti."

"Kazini unawaza biskuti? Tazama ukingo ulio mkabala na hapo palipong'atwa. Umekolea au umefifia?"

Binti alisogeza taa. "Umefifia."

"Basi ni kosa la kiwandani. Ilizaliwa hivyo. Andika, nitie sahihi."

Mteja aliikumbatia sarafu yake kama mtoto aliyeopolewa kisimani, akatoka mbio kabla mzee hajabadili mawazo. Hofu ya bure. Kwa miaka arobaini Mzee Lenzi hakuwahi kufuta hukumu hata moja, na jambo hilo alilisema kwa unyenyekevu wa jogoo.

Macho yake yalikuwa yamestaafu bila kumuaga. Kwa hiyo binti alitazama na kueleza, yeye alihukumu. Kosa la kiwandani, sarafu iligeuka lulu. Uharibifu wa baadaye, mwenyewe alikwenda kulia nje, maana chumvi ya machozi, alisema mzee, inakula shaba.

Sheria ya duka ilikuwa moja tu: uso wa sarafu hauguswi. Shika ukingo. Aliyegusa alichapwa rula vidoleni, awe mteja, awe nani.

"Hata huyu ni kosa la kiwandani," aliwaambia wateja, akimwelekezea binti kidevu. "Mnakiona hicho kidole cha mwisho? Mama yake alimleta hivyo, akafa. Bahati mbaya kosa la aina hii halina soko."

Wateja walicheka. Binti naye alicheka. Alikuwa na mazoezi ya miaka kumi na tisa.

Lakini asubuhi hiyo mama yake mdogo alikuwa amepita dukani, akamwachia bahasha iliyokaa kabatini kwake miaka mingi, akaondoka bila hata kuketi.

"Kuna kitu kingine, Baba," alisema sasa, akiivuta lenzi. "Kimepinda. Kina mistari midogo sambamba, juu na chini."

"Inatazamana?"

"Inatazamana. Katikati pamebonyea."

Mzee alitabasamu. Mkono wake ulilipapasa jiliwa la kubania vyuma lililofungwa pembeni mwa meza, ukapita taratibu juu ya meno yake ya chuma. "Alama za jiliwa hizo. Hata mtoto mdogo angejua."

"Hakiwezi kuwa kilizaliwa hivyo?"

"Kuna ushahidi wa kilivyokuwa zamani?"

"Ipo picha. Kilikuwa kimenyooka kabisa."

"Sasa unanipotezea wakati wa nini? Uharibifu wa baadaye! Tena si ajali. Jiliwa halijikazi lenyewe. Mtu alikiweka hapo, akazungusha mpini, akaona kinapinda, akaendelea kuzungusha. Andika hivyohivyo."

Aliandika hivyohivyo. Akamsomea neno kwa neno. Mzee akatia sahihi yake ndefu yenye mikia.

"Cha nani hicho?" aliuliza, akirudisha kalamu mfukoni.

Binti alikitoa kidole chake cha mwisho chini ya lenzi, akaiokota picha iliyotoka kwenye bahasha: mtoto wa mwaka mmoja, ameketi juu ya meza hiyohiyo, vidole kumi vimenyooka, kimoja kikigusa uso wa sarafu.