Kivuko Kisicho na Maji

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Katika ofisi ya ardhi, Sekela alimsubiri karani Gwamaka atandaze mezani ramani ya mto, iliyochorwa zamani, kabla mji haujapanda milimani.

"Mtaa wenu unaitwaje, dada?"

"Kivukoni." Akatabasamu kwa mazoea, maana kila mgeni huwacheka wakazi wake: kivuko gani huko juu, na mto uko ng'ambo ya kilima?

Gwamaka hakucheka. Alifuata kwa kidole mstari wa buluu uliofifia, ukishuka katikati ya mistari ya miinuko iliyosongamana, mpaka ukapita juu ya neno lilelile: Kivukoni.

"Mto ulikuwa unapita hapa kabla haujahama," akasema taratibu. "Wewe umejenga wapi?"

Sekela aliweka kidole. Buluu ya hapo ikafunikwa.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama mkwe. Tangu asubuhi analalamika sakafu ya chumbani kwake ni ya baridi. Nikamwambia avae soksi."

Alipiga simu, kidole kikiwa bado juu ya ramani. Iliita mpaka karibu kukatika, ndipo mama akapokea.

"Mwanangu," akasema, hata salamu hakutoa, "soksi zimelowa."