Mwasumini wa Bibi yake Pimbi

Pimbi alirithi mwasumini kwa bibi yake, wala hakukubali mtu auguse hata jani.

"Bibi aliuacha hivi, na utabaki hivi," alisema.

Mti ukasongamana, ukawa majani matupu. Naye binti yake alikuwa karibu kuolewa, na kwao bi arusi hakutolewa nje bila asumini za mti ule.

Siku moja Paa, jirani yake mlafi, aliruka uzio akautafuna mpaka ukabaki vijiti.

"Umeniulia bibi yangu mara ya pili," Pimbi akamwambia.

"Niwie radhi, shoga. Lakini nawe ulikuwa unafuga majani."

Mvua zikanyesha. Vijiti vikachipua, na kila chipukizi likaja na maua yake. Binti akaolewa akinukia.

Maua yalipokwisha, Paa alipita akakuta lango li wazi.

"Shoga, leo umesahau kufunga."

"Sikusahau," Pimbi akajibu. "Kila msimu maua yakiisha, bibi yangu alikuwa akimfungulia mama yako. Maneno ya bibi nimeyashika yote, ila tendo lake hilo ndilo lililonitoka akilini. Ingia ule, ila shina uliache."