Kopo la Sukari

Siku hizi kopo la sukari halifunguki mpaka ulitazame. Linakusoma jicho; likiona sukari imezidi mwilini na presha ya macho inapanda, linagoma. Bi Mwanakheri lilimgomea miaka mingi, akabaki kusimulia kaimati za mamake, jinsi shira ilivyokuwa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Wiki hii alilalamika tu kwamba taa za nyumba zimefifia.

Leo kopo likafunguka.

"Bwana Shebe! Nimepona!"

Mumewe akasoma maandishi kifunikoni: *Jicho hili halina tena cha kulindwa.*

"Limeandika nini?"

"Limeandika karibu."

"Basi niwashie taa, nipike kaimati kama za mama."

Jua la saa nne lilikuwa limejaa jikoni. Mzee Shebe akainuka, akabonyeza swichi.