Ndani ya Kabati

Kesho yake Shamim angeingia studio kwa mara ya kwanza, na fundi mitambo wa huko alimwonya kwamba chumba kile hakina mwangwi. Yeye alizoea kuimba harusini, sauti ikimrudia kutoka ukutani. Basi mchana huo, nyumba ilipotulia, aliingia kwenye kabati la nguo, akajifungia kati ya makoti na madera, akaimba.

Sauti ilitoka ndogo na kavu, kama ya mtu mwingine. Akaurudia ubeti taratibu, akiitafuta yake.

Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Zamzam, ambaye hakuwa ameambiwa habari za studio, kwa kuogopa asije akakataza.

"Shamim, unafanya nini humo?"

"Mazoezi, mama. Kesho narekodi. Humu mtu anajisikia alivyo."

Akangoja karipio. Bi Zamzam aliingiza kichwa kabatini, akaita, "Eee!" Akasikiliza.

"Mbona hairudi?" alishangaa. "Kumbe miaka yote hii sauti yangu siijui."

Akakaza kanga kiunoni, akainua mguu. "Hebu sogea."

Shamim akasukuma nguo pembeni. Mlango ulipofungwa, alimsikia mama mkwe wake gizani akivuta pumzi ndefu.