Taa ya Mlangoni

Taa nyekundu juu ya mlango wa mtahini ilizimika ghafla, na ya kijani haikuwaka.

Kwenye benchi la nje walikuwa wamebaki wanafunzi wawili wa udereva wa treni. Kasuku, aliyepachikwa jina hilo kwa kukariri kitabu cha taa za reli neno kwa neno, aliruka akasimama. Mwenzake, Konokono, hakujitikisa.

"Balbu imeungua," Kasuku alisema.

"Si tuliambiwa tuingie ikiwaka ya kijani?"

"Ndugu yangu, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka je?"

Kasuku alishafika mlangoni. Alishaanguka mtihani huu mara mbili, na akianguka mara ya tatu anarudishwa kuosha mabehewa. Kibaya zaidi, mama mkwe wake ameshawatangazia majirani kuwa mkwewe ni dereva. Aliogopa kuliko alivyotaka kukiri. Akanyoosha kola, akasukuma mlango.

Mtahini, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, alimtazama kitambo, kisha akamwonyesha kiti.

"Taa ya kijani?"

"Napita kwa mwendo wa kawaida, mama."

"Njano?"

"Napunguza mwendo, najiandaa kusimama kwenye taa inayofuata."

"Nyekundu?"

"Nasimama. Hata kama nimempakia mama mkwe na ana haraka zake, nasimama."

Mtahini alitabasamu, akaandika. Maswali mengine yakafuata, na Kasuku akayajibu yote bila kusita. Roho ikaanza kumtulia. Pale mezani palikuwa na kofia moja ya udereva, mpya kabisa, na alikuwa ameshaipima kwa macho akaona inamtosha.

"La mwisho," mtahini alisema. "Umefika kwenye taa, haiwaki rangi yoyote. Utafanya nini?"

Kasuku nusura acheke kwa furaha. Ukurasa wa arobaini, mstari wa kwanza!

"Taa iliyozimika ni sawa na nyekundu, mama. Nasimama hapo hapo, sisogei mpaka niruhusiwe. Dereva anayesema balbu imeungua akapita zake, huyo ataua watu."

"Barabara. Hakuna hata moja ulilokosa."

Mtahini alifunga daftari, akaichukua ile kofia, akainuka.

"Sasa nipishe, nimpelekee mwenzako pale benchini."