Ikikohoa, Fungua Boksi

Boksi la injekta, zile za kupuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, lilikuwa mezani gerejini, halijafunguliwa. Baba alilitazama kama mgeni asiyealikwa.

"Kompyuta haina masikio," alisema. "Mimi ninayo. Naiseti kabureta sasa hivi. Injini ikikohoa, fungua boksi lako, ufunge hizo injekta. Isipokohoa, Jumapili unaingia mashindanoni na kabureta yangu. Sawa, mwanangu?"

Alinikazia macho mdomoni, akingoja jibu.

"Sawa, baba."

Niliketi kwenye usukani, nikawasha. Alizungusha skrubu ya kabureta kwa bisibisi, akarudi nyuma hatua moja, akafumba macho na kuinamisha kichwa. Hivyo ndivyo alivyosikiliza injini tangu nikiwa mdogo, kidole kimoja juu, cheusi kwa oili, kikifuata mdundo.

Injini ilikohoa. Ikalipuka kwenye ekzosi kama bunduki, ikakohoa tena. Nilicheka peke yangu: leo mzee nimempata! Nikazima gari ili nimwambie aje afungue boksi mwenyewe.

Gereji ikawa kimya kabisa.

Kidole cha baba kiliendelea kucheza hewani, polepole, bila kukosea mdundo.

"Umeisikia?" aliuliza, macho bado kayafumba, uso wote tabasamu. "Imetulia. Haikohoi hata kidogo."

Niliwahi kuwasha tena kabla hajafumbua macho. Injini ikarudi na kikohozi chake.

"Umeshinda, baba," nikasema. "Tunabaki na kabureta."

Hakujibu. Nikasema tena, kwa kupiga kelele.