Siagi ya Ayeeyo

"Anza," mtahini wa Kifaransa akaniambia. Vitenzi vyote vilikuwa vimenitoka, na bila mtihani huu nisingepata kazi ya ukalimani kule kambi ya wakimbizi ya Dadaab.

Ndipo magoti yangu yakaanza kutikisika taratibu, kana kwamba nimepakata kibuyu cha maziwa.

Nyanya yangu, Ayeeyo Qali, alinipakatisha kibuyu chake kila jioni nimtolee siagi. Maziwa hutikiswa kwa wimbo, na mimi wimbo wangu ulikuwa vitenzi vya Kifaransa tu. Nikikwama, alinifokea akicheka: "Imba hao Wafaransa wako! Ukinyamaza, siagi itakataa!"

Tulimzika mwezi uliopita, Mungu amrehemu.

Nikashika kibuyu kisichokuwepo. "Je vais, tu vas..."

"Mbona unatikisika?" mtahini akauliza.

Asante, ayeeyo. Sikunyamaza.